John Muafangejo: Shahidi aliyechonga tumaini

Tunapotaja mashujaa wa imani wa Afrika, mara nyingi tunawakumbuka wahubiri, wamisionari na wafia-imani. Leo tumkumbuke muumini aliyeshuhudia kwa kisu na wino: John Ndevasia Muafangejo.

Alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola, kati ya Wakwanyama. Baba yake alikuwa na wake wengi. Mama yake alikuwa Mkristo. Baba alipofariki mwaka 1955, mama alivuka mpaka akaenda kuishi kwenye misheni ya Anglikana ya Epinga, kaskazini mwa Namibia. Kijana akamfuata.

Namibia wakati huo ilitawaliwa na Afrika Kusini, chini ya sheria za ubaguzi wa rangi. Kijana mweusi mwenye kipawa cha kuchora hakuwa na mahali pengi pa kusomea. Wamisionari walitambua kipawa chake, naye mwishoni mwa miaka ya 1960 akapelekwa Rorke's Drift, kituo cha sanaa cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri huko Natal. Akiwa mwanafunzi aliugua akili, akalazwa hospitalini. Hata hivyo alimaliza masomo, akarudi kufundisha kwenye misheni ya Odibo.

Kazi yake ilihitaji vifaa vichache. Alichukua kipande cha linoleamu, aina ya zulia gumu la kutandika sakafuni, akachonga picha juu yake. Kisha alipaka wino, akaweka karatasi na kuikandamiza. Sehemu iliyobaki hutoa weusi. Iliyochongwa hutoa weupe. Kwa njia hiyo kibao kimoja hutoa nakala nyingi. Muafangejo alipenda kuandika maneno ndani ya picha, na ilimbidi achonge kila herufi kinyumenyume ili isomeke vizuri karatasini.

Biblia aliisoma akiwa katikati ya maisha ya watu wake. Mwaka 1973 alichonga usaliti wa Yuda, na bei aliyoiandika ilikuwa ya randi, fedha iliyotumika sokoni kwao. Mtazamaji hakuweza kusema kwamba usaliti ni habari ya zamani tu.

Vita vya ukombozi vilipopamba moto mpakani, misheni haikuponea. Mwaka 1981 seminari ya Anglikana ya Odibo ililipuliwa. Muafangejo, ambaye tayari alikuwa akiishi Windhoek, alichonga tukio hilo. Jengo lilianguka, lakini ushuhuda ukachapwa karatasini, na nakala zake zikaweza kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Miaka mitatu baadaye alitoa picha nyingine na kuipa jina linalotaja tumaini licha ya taabu za wakati ule. Taabu hakuzificha, akazitaja ndani ya jina lenyewe la tumaini.

Alifariki ghafula katika mtaa wa Katutura, Windhoek, Novemba 1987. Uhuru wa Namibia ulikuja Machi 1990, naye hakuuona. Leo kituo cha sanaa mjini humo kina jina lake.

Sisi wa Kisangani tuna jambo la kujifunza hapa. Siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mji wetu, na mabomu yakaangukia nyumba za raia. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamekuwa wazazi sasa. Wanajua nini? Katika Yoshua 4, Mungu aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazee wawe na jibu. Je, mawe yetu yako wapi?

Kwaya zetu zina nafasi kila Jumapili, na ni vema. Lakini kijana anayechora mabango ya maduka, au anayechonga mbao, naye amepewa kipawa na Roho yule yule aliyemjaza Bezaleli. Parokia imwite, wazee wamsimulie, naye achore pamoja na majina na tarehe. Tusiogope kwamba kukumbuka kutaua tumaini. Muafangejo aliviweka vyote viwili kwenye kibao kimoja.

Bwana atupe macho ya kuona, na mikono ya kushuhudia. Amina.