Ambedkar na Ahadi Zisizodaiwa Mahakamani

Ukisoma sheria hapa London halafu mkafika kwenye katiba ya India, jina la Bhimrao Ambedkar halikwepeki. Nawaletea maisha yake kwa ufupi, kwani naye alikuwa mwanafunzi wa ughaibuni kama sisi, tena wa kuhangaikia hela.

Alizaliwa 1891 huko Mhow, katika jamii ya Mahar, watu walioitwa wasioguswa. Shuleni alikalia gunia lake pembeni, na bomba la maji haruhusiwi kuligusa. Tarishi wa kumfungulia asipokuwepo, anashinda na kiu. Mwaka 1913 mtawala wa Baroda alimlipia masomo, akaenda Columbia, New York, kisha akaja hapa London. Msaada ukaisha 1917, ikabidi arudi. Kule Baroda, na usomi wote ule, akakosa hata chumba cha kupanga! Akadunduliza, akarudi London 1920, na 1923 akapata udaktari wa uchumi.

Agosti 1947 akawa mwenyekiti wa kamati ya kuandika katiba. Kabla ya hapo alikuwa amependekeza umiliki wa dola juu ya viwanda vikuu na ardhi ya kilimo uwekwe ndani ya katiba yenyewe. Wapi! Mambo ya riziki yakaishia kwenye misingi ya mwelekeo wa sera, mtindo ulioigwa katiba ya Ayalandi ya 1937: serikali inatakiwa iifuate, ila huwezi kuishitaki. (Watanzania mnaijua hii, ibara yetu ya 7 ndivyo isemavyo.) Wengine bungeni waliibeza. Ambedkar akaitetea, kwamba watawala watakaoipuuza watajibu kwa wapiga kura.

Hapo mimi siafikiani naye sana. Lile lililomchoma tangu utotoni, kutengwa kwa wasioguswa, halikuachiwa wapiga kura. Limepigwa marufuku katika ibara ya 17, upande wa haki zinazodaiwa mahakamani. Elimu ya bure hadi miaka 14 ndiyo ikawekwa kwenye misingi, serikali ikipewa miaka 10 kuanzia 1950.

Mwenyewe alijiuzulu uwaziri wa sheria 1951, muswada wake wa ndoa na mirathi ya Wahindu ulipokwama bungeni, akafariki Desemba 1956. Elimu ile ikaja kuwa haki kwa badiliko la katiba la 2002, na sheria yake ikaanza kutumika Aprili 2010. Mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka 1950 alishakuwa na umri wa kuwa babu.