Medgar Evers: Damu Iliyongoja Haki Miaka 30

Andiko: Luka 18:1-8

Jumapili tulimtazama yule mjane aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka mpaka akapewa haki yake. Wiki hii nawaletea maisha ya mtu mmoja wa Marekani pamoja na mjane wake, ili tuone kwamba Bwana Yesu hakuwa anatunga hadithi ya kutupumbaza.

Medgar Evers alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 huko Decatur, jimbo la Mississippi. Akiwa kijana alienda Vita vya Pili vya Dunia, akahudumu Ufaransa. Aliporudi, mwaka 1946, yeye na ndugu yake Charles pamoja na wenzao walienda kupiga kura. Kundi la Wazungu wenye silaha likawarudisha. Hebu fikiria: askari aliyepigania uhuru wa Ulaya, kwao hana hata kura!

Mwaka 1951 alimwoa Myrlie. Kifungua mimba wao walimwita Darrell Kenyatta, kwa sababu Medgar alifuatilia sana habari za Mzee Kenyatta na mapambano yetu hapa. Mimi nikisoma hapo, naona huyu ni ndugu yetu kabisa.

Mwaka 1954 aliomba kusomea sheria Chuo Kikuu cha Mississippi, akanyimwa. Kilikuwa chuo cha Wazungu tu. Mwaka huo huo chama cha NAACP, kilichotetea haki za watu weusi, kikamfanya katibu wake wa kwanza katika jimbo lile. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wapiga kura na kutafuta mashahidi pale mtu mweusi alipouawa.

Mwaka 1955 aliuawa mtoto wa miaka 14, Emmett Till. Medgar alivaa nguo za kibarua wa shamba akaingia mashambani kutafuta mashahidi. Mazishi yalifanyika Chicago, katika kanisa la Kipentekoste, Roberts Temple, na mama yake akataka jeneza liachwe wazi ili watu waone. Lakini kortini, washtakiwa wawili waliachiliwa baada ya saa moja na dakika chache tu. Miezi michache baadaye wakakiri kwa gazeti, tena kwa malipo! Hawangeshtakiwa tena, maana huko mtu akishaachiliwa, kesi imeisha.

Iliwezekanaje? Huko anayeamua kama mtu ana hatia si hakimu peke yake, ni jopo la raia 12. Majina yao yalitoka kwa daftari la wapiga kura. Sasa, ukimzuia mtu mweusi kujiandikisha, umemzuia pia kuketi kwenye jopo. Ndiyo maana Medgar alishikilia sana mambo ya kura. Alikuwa anatafuta mlango wa korti.

Adui alimjua. Watoto wake watatu walifundishwa kulala sakafuni wakisikia mlio wa risasi. Usiku wa manane, tarehe 12 Juni 1963, alipigwa risasi mgongoni nje ya nyumba yake mjini Jackson. Alikuwa na miaka 37.

Bunduki ilipatikana karibu, ikiwa na alama ya kidole cha Byron De La Beckwith. Mwaka 1964 alishtakiwa mara mbili mbele ya wanaume Wazungu watupu, na mara zote mbili hawakukubaliana. Akarudi nyumbani. Lakini sikia, mpendwa: kutokubaliana si kuachiliwa. Mlango ulibaki wazi kidogo.

Myrlie aliulinda ule mlango. Alilea watoto, akasoma, akaendelea kuuliza. Kesi ilipofufuliwa, kumbukumbu za korti zilikuwa hazipatikani. Kumbe yeye alikuwa ameweka nakala yake miaka yote hiyo! Tarehe 5 Februari 1994, jopo la watu weusi 8 na Wazungu 4 lilimpata Beckwith na hatia. Akafungwa maisha, na mwaka 2001 akafa akiwa bado mfungwa.

Najua kati yetu kuna wenye kesi ya shamba iliyoahirishwa mpaka nauli imewaishia. Kuna mama ambaye mtoto wake alizikwa na hakuna aliyeulizwa. Sitakuambia usali tu halafu ukae. Yule mjane wa Luka alikuwa anatoka nyumbani na kwenda. Kwa hivyo omba, na uende. Weka makaratasi yako vizuri. Ukiitwa kuwa shahidi wa jirani, usijifiche. Na wewe uliye na cheo cha kuamua, usikubali rangi, kabila wala bahasha ikuamulie.

Medgar hakuiona siku ile ya mwaka 1994. Mungu aliiona. Yeye hasahau damu ya mtu. Amina.