Lighthill: Msomi aliyefichua chanzo cha ngurumo za jeti

WENGI wanaposikia ndege ya kivita ikinguruma angani, hudhani kelele hizo zote hutoka ndani ya injini. James Lighthill, bingwa wa hisabati kutoka Uingereza, alionyesha vingine.

Alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mwaka wa 1924, na akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Manchester akiwa na umri wa miaka 26 pekee. Mnamo 1952, alieleza kwa hesabu kuwa chanzo kikuu cha ngurumo hizo ki nyuma ya injini, pale hewa moto inayofyatuka inapovurugana na hewa iliyotulia. Kasi ya hewa hiyo ikiongezeka maradufu, nguvu za sauti huongezeka mara 256.

Ugunduzi huo uliwaonyesha wahandisi faida ya kupunguza kasi hiyo, na ndege za abiria zikapungua kelele. Za kivita, ambazo huitegemea, zingali zinahatarisha masikio ya mafundi wanaozihudumia.

Lighthill alipenda kuogelea. Mwaka wa 1973, alikizunguka kisiwa cha Sark. Alifariki Julai 17, 1998, akiwa na miaka 74, alipokuwa akijaribu kukizunguka tena.