Harry Thuku: Mtetezi aliyeishia bodi ya kahawa

JINA la marehemu Harry Thuku hutajwa kila damu iliyomwagika mjini Nairobi Machi 16, 1922, inapokumbukwa. Ni nadra kutajwa pamoja na kahawa, na hilo ni kosa.

Thuku, aliyezaliwa Kambui, Kiambu, mnamo 1895, alikuwa karani wa simu serikalini alipoanza kuwatetea wenzake mwaka wa 1921. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi Sh16, na walowezi wakaazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kahawa, zao ambalo lingemwezesha mkulima kulipa kodi bila kuhama kwake, ilikuwa milki ya walowezi. Aliyekosa zao la kuuza hakuwa na budi kwenda kuwalimia wao.

Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye, umati uliodai aachiliwe ulifyatuliwa risasi, naye akapelekwa Kismayu, uhamishoni kwa karibu miaka tisa.

Aliporejea alikuwa amepoa, hata akawapinga Mau Mau, jambo ambalo wengi hawakumsamehe.

Kahawa iliruhusiwa Kisii na Meru miaka ya 1930, kwa masharti makali. Kiambu, penye mashamba ya walowezi, ilisubiri hadi miaka ya 1950, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukaieneza miongoni mwa wakulima wadogo. Mnamo 1959, Thuku, sasa mkulima wa kahawa, akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya KPCU, chama kilichokuwa cha walowezi.

Alifariki Juni 14, 1970.