Marekani: William Carney, mwanajeshi aliyengojea medali miaka 37

Tarehe 23 mwezi wa tano mwaka 1900, mpeleka barua mmoja wa mji wa New Bedford, katika jimbo la Massachusetts, alitunukiwa Medali ya Heshima, nishani kubwa kuliko zote katika jeshi la Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 60. Tendo lililompatia medali hiyo alilifanya akiwa na miaka 23.

William Harvey Carney alizaliwa mtumwa huko Norfolk, Virginia, mwaka 1840. Familia yake ilipopata uhuru, ilihamia New Bedford, bandari ya wavuvi wa nyangumi, na kijana akawa anafikiria kuwa mchungaji wa kanisa. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka: majimbo ya kusini yalitaka kujitenga ili yabaki na watumwa wao. Mwanzoni mwa 1863, Rais Abraham Lincoln alipokubali watu weusi waingie jeshini, Carney alijiandikisha katika kikosi cha 54 cha Massachusetts. Askari walikuwa weusi, makamanda wao wazungu.

Shida ya mshahara wa askari haikuanza leo. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi sawa na wazungu, lakini serikali ikawatolea 10, tena ikakata 3 za nguo. Kikosi kizima kilikataa kupokea pesa hizo zaidi ya mwaka mmoja, huku kikiendelea kupigana, hadi bunge liliposawazisha mishahara mwaka 1864.

Jioni ya tarehe 18 mwezi wa saba 1863, kikosi hicho cha watu karibu 600 kiliwekwa mbele kushambulia ngome ya Wagner, karibu na Charleston, South Carolina. Njia ilikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande mmoja, matope upande wa pili, na mizinga mbele. Kanali Robert Gould Shaw aliuawa juu ya ukuta. Mbeba bendera alipopigwa, Sajenti Carney aliidaka kabla haijaanguka, akapanda nayo hadi ukutani. Wenzake waliporudishwa nyuma, naye alirudi nayo, akijikokota, risasi zikiwa zimempata mara kadhaa. Hakuiachilia mpaka alipofika kwa watu wake. Ngome haikutekwa usiku huo, na karibu nusu ya kikosi walikufa, walijeruhiwa au walipotea.

Majeraha yalimtoa jeshini mwaka 1864. Alirudi New Bedford, akapeleka barua nyumba kwa nyumba kwa miaka 32. Wanajeshi weusi wengine walipewa medali hiyo vita vikiendelea. Yeye, ambaye tendo lake lilitangulia ya hao wote, alisahauliwa mpaka uzeeni.

Baada ya posta alifanya kazi ya utarishi katika jengo la serikali ya jimbo, Boston. Huko lifti ilimjeruhi vibaya mguu, akafariki tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1908. Amezikwa New Bedford, na juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa ile medali.