Leakey: Mwana wa kasisi aliyefukua asili ya binadamu

Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mwana wa wamishonari Waingereza. Utotoni aliwapenda ndege mno, na akawa akiokota mawe meusi yaliyochongwa na watu wa kale. Alikusudia kuhubiri Injili kama babake. Mawe yale yakamvuta kwingine.

Mnamo Julai 1959 huko Olduvai, Tanganyika, yeye akiwa mgonjwa kambini, mkewe Mary aliliona fuvu ambalo baadaye lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Waliosoma kitabu cha Mwanzo neno kwa neno hawakuwa na pa kuiweka miaka hiyo. Leakey, ambaye babake alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu, hakuona ugomvi kati ya mageuko ya viumbe na Muumba.

Alifariki London mwaka wa 1972, akazikwa Limuru, katika uwanja wa kanisa walimolazwa wazazi wake.