Nikola Tesla na Mashua Isiyo na Nahodha

Mvuvi wa Homa Bay, au wa Muhuru kule Migori, angeiona mashua ikigeuka ziwani bila nahodha, angedhani ni kiinimacho. Ndivyo walivyodhani baadhi ya watazamaji jijini New York mwaka 1898, Nikola Tesla alipoiongoza mashua ndogo kwa mawimbi ya redio.

Mserbia huyu alizaliwa mwaka 1856 Smiljan, katika Kroatia ya leo, akahamia Marekani mwaka 1884. Wengi humkumbuka kwa umeme tu. Jeshi la majini halikuitaka mashua ile. Naye alikuwa na hofu nyingine, kwamba mawimbi ya mtu baki yangeiteka. Akabuni kipokezi kisichotii ila mawimbi mawili tofauti yakifika pamoja, akapewa hataza mwaka 1903.

Hofu hiyo ingali hai. Rimoti kongwe za vindege vya mfano, za megahezi 27 au 35, zikikutana kwenye masafa mamoja huingiliana na kuangusha vindege. Mafundi huzitoa matumbo, wakatia mitambo ya gigahezi 2.4, ambayo mingi huhamahama masafa; kasha na vijiti vya kuongozea hubaki vilevile.

Tesla alifariki tarehe 7 Januari 1943, peke yake hotelini, akiwa na madeni.